Wapangaji wa Prosesa Moja

Wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi, mzee mmoja anayeuza leso kwa jumla alinipigia simu saa tatu usiku. Duka lake liko Biashara Street, lakini ofisi na stoo viko Mji wa Kale, ghorofa ya juu ya nyumba iliyo kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu.

"Mwanangu," akasema, "hii kompyuta kubwa yatutesa. Wateja wamesimama foleni, na mashini yazunguka tu kama pia. Waweza kuja kesho?"

"Naja, Ami."

Niseme mapema kwamba mimi si fundi wa kusomea. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kutimia. Tangu hapo naishi kwa vibarua: naandika, natafsiri, natengeneza tovuti za watu wenye vyumba vya wageni, na laptopu ya jirani ikigoma naitwa mimi. Kozi ya mifumo endeshi, ile inayofundisha jinsi kompyuta inavyogawa kazi zake, ilikuwa kwenye muhula ambao sikuufikia. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo pengo lililonitia aibu kwa siku nne nzima.

Kesho yake nilikuta hivi. Ofisini kuna seva moja, sanduku jeusi chini ya meza, prosesa yake ina viini vinne. Juu ya seva hiyo kampuni fulani ilikuwa imejenga mashine pepe tano. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake. Ina diski, ina kumbukumbu, ina prosesa, na inajiona kompyuta kamili, lakini vyote hivyo ni sehemu iliyomegwa kutoka kwenye mashine ya kweli. Moja ilikuwa ya programu mpya ya mauzo. Ya pili ilihifadhi picha za kamera za stoo. Tatu zilizobaki zilikuwa zinaendesha kitu ambacho sikutegemea kukikuta katika karne hii: MS-DOS, skrini ya buluu yenye maandishi meupe, na menyu ya kuchagua namba 1 hadi 6.

Hiyo ilikuwa programu ya daftari la madeni. Iliandikwa mwaka 1994 na mdogo wake mzee, kwa Clipper, lugha iliyotumiwa sana wakati ule kuandikia programu za biashara. Mdogo mtu alishafariki. Kabla ya seva kuja, programu ilikaa kwenye kompyuta tatu kuukuu, moja kwa mzee, moja kwa karani, moja stoo. Kompyuta zilipoanza kufa, kampuni ikazigeuza zote tatu kuwa mashine pepe.

Na tangu siku hiyo programu ya mauzo ikawa inaganda. Kampuni ilishatoa hukumu yake: nunua seva kubwa zaidi, na daftari la zamani lihamishiwe kwenye programu mpya. Walifanya jaribio la kuhamisha. Mzee alinionyesha matokeo yakiwa yamechapishwa kwenye karatasi, kidole chake kikitetemeka kidogo juu ya mstari mmoja. Mama mmoja wa Kibokoni, aliyefariki zamani, alionekana anadaiwa shilingi 18,000.

"Huyu tulimsamehe," akasema. "Ndugu yangu aliweka alama."

Kweli, kwenye programu ya zamani kulikuwa na safu nyembamba yenye herufi moja tu: S. Samehe. Kuna kina mama waliochukua leso za kuuza mtaani, mambo yakawaendea kombo, na yule ndugu akawaandikia S. Programu mpya haikuwa na safu hiyo. Deni kwake ni deni.

Basi mzee hakutaka seva kubwa, na hakutaka kuhama. Alitaka mashini iache kuzunguka.

* * *

Nikiwa nimekaa mbele ya sanduku lile, kichwani ilinijia nyumba ninayoishi. Nimepanga chumba Majengo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na uani nyuma ambako kuna jiko, bomba na choo cha wote. Kila chumba kina kufuli yake na mambo yake. Ukifunga mlango, uko kwako. Lakini maji ni yale yale, na stima ni ile ile. Wa chumba cha nne akichomeka hita ya kuchemshia maji, taa ya chumba cha kwanza hupepesa.

Majengo ina jambo jingine ambalo wageni huwa hawalielewi haraka. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na baadaye bandari ya Kilindini ilipokua, watu wengi walikuja kisiwani kutafuta kazi, na walihitaji pa kulala. Wenye ardhi wakawakatia viwanja kwa kodi ya mwezi. Mpangaji akajenga nyumba yake mwenyewe, kuta zake, paa lake, lakini ardhi iliyo chini ikabaki ya mwingine. Nyumba bila ardhi. Mtu anaweza kuirithi nyumba, kuiuza, kuipangisha chumba kwa chumba, na bado asimiliki hata shubiri moja ya udongo ulio chini yake.

Mashine pepe ni nyumba bila ardhi. Sisemi hivyo kupamba maneno. Ndivyo ilivyobuniwa, na ilibuniwa kwa sababu ile ile: ardhi ilikuwa ghali na wanaoihitaji walikuwa wengi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta moja ilijaza chumba na gharama yake ilikuwa ya kutisha. Ilifanya kazi ya mtu mmoja, ikamaliza, ndipo ya mwingine ikaingia. Unapeleka kadi zako zilizotobolewa, unarudi kesho kuchukua jibu, na ukikuta ulikosea koma unaanza upya. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ujanja wake ni zamu. Kila mtu anapewa kipande kidogo cha muda, kisha anapokonywa na kupewa mwingine, haraka kiasi kwamba kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Jirani na hapo, katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kikaja na wazo la ajabu zaidi. Badala ya kumpa kila mtu zamu kwenye kompyuta moja, kwa nini usimpe kila mtu kompyuta yake nzima, ya kuigiza? Waliuita mfumo huo CP-40. Ulianza kutumika mwaka 1967, na uliweza kubeba mashine pepe 14 juu ya mashine moja ya kweli. Ukatoka CP-67, na mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370 kwa wateja wake wote. Ukoo huo bado uko hai kwenye mashine kubwa za IBM, kwa jina la z/VM.

Anayegawa vyumba huitwa haipavaiza. Ni programu inayokaa kati ya mashine ya kweli na zile za kuigiza. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika makala fupi ambayo hadi leo hutajwa kila mahali panapozungumzwa mashine pepe. Waliweka masharti matatu. Kwanza, programu iliyo ndani isione tofauti kati ya mashine pepe na ya kweli. Pili, kazi nyingi iende moja kwa moja kwenye prosesa bila kuchelewa. Tatu, haipavaiza ibaki na mamlaka juu ya kila kitu.

Ukiyasoma masharti hayo ukiwa Majengo, unamwona mama mwenye nyumba. Mpangaji aishi kama kwake, asipite kuomba ruhusa kila akitaka kuwasha taa, lakini ufunguo mkuu uko kiunoni kwa mama.

Na ndani ya sharti la kwanza ndimo ulimokuwa ugonjwa wa seva ya mzee. Kama aliye ndani haoni tofauti, basi haoni wapangaji wenzake pia.

* * *

Siku ya kwanza nilifanya kila anachofanya mtu asiyejua: nilizima, nikawasha. Kwa dakika kumi mambo yalikuwa mazuri. Kisha foleni ikarudi.

Siku ya pili niliingia kwenye mashine ya mauzo. Ilikuwa ya Linux, kwa hiyo niliandika amri ya top, inayoonyesha kila programu inakula kiasi gani cha prosesa. Programu ya mauzo ilikuwa juu ya orodha, kama nilivyotarajia. Nikahitimisha kwamba ina njaa, na ilikuwa imepewa prosesa pepe mbili tu. Nikaiongezea hadi nne. Nilijiona daktari. Saa tano asubuhi karani alikuja juu, akanitazama bila kusema kitu, akarudi chini. Mambo yalikuwa yamezidi kuharibika.

Leo najua nilichofanya. Seva ina viini vinne vya kweli. Unaweza kumwandikia kila mpangaji kwenye karatasi kwamba ana prosesa nne, hata nane, na haipavaiza haitakukatalia. Lakini ardhi haiongezeki. Unachoongeza ni watu kwenye foleni ya bomba la uani. Kuna saa inafaa kuahidi zaidi ya ulichonacho, kwa sababu si wote huchota maji kwa pamoja, na sehemu ya biashara ya kukodisha mashine pepe imesimama juu ya dhana hiyo. Ila lazima ujue nani ameacha bomba wazi.

Na jibu lilikuwa machoni pangu. Juu kabisa ya ile top kuna mstari wa asilimia zenye herufi mbilimbili: us kwa kazi za programu, sy kwa kazi za mfumo wenyewe, wa kwa muda wa kungojea diski. Mwishoni kuna st. Kwangu ilikuwa inacheza kati ya 30 na 50, nami nikaipita kama mtu anavyopita tangazo la msiba wa asiyemjua.

Hiyo st ni muda ulioibwa. Linux ilianza kuuhesabu mwaka 2005. Maana yake ni hii: mashine pepe ilikuwa na kazi, ilikuwa tayari kuifanya, ikaomba prosesa, na haipavaiza ikasema subiri, yuko mwingine. Ikiwa st iko juu, tatizo haliko ndani ya chumba chako. Hata ukifanya usafi namna gani, ukipanga upya kitanda na kabati, tatizo liko nje ya mlango.

Siku ya tatu nilikaa mpaka usiku. Duka lilifungwa, karani akaenda, adhana ya Isha ikapita. Mzee aliniletea kahawa tungu na kipande cha halua, akaketi kwenye kiti cha mlangoni bila kuniharakisha. Nilikuwa sasa niko kwenye seva yenyewe, si ndani ya mashine pepe, nikitazama mchoro wa matumizi ya prosesa. Mchana mstari ulikuwa juu kabisa, unagusa dari. Nilitegemea sasa ushuke, maana hakuna anayeuza wala kununua.

Ulishuka hadi robo tatu, ukasimama. Ulinyooka kama umepigwa rula. Dakika tano, kumi, ishirini.

Kazi ya kweli huwa haiko hivyo. Hupanda na kushuka, kama watu sokoni Marikiti. Mstari ulionyooka ni kitu kinachojizungusha. Na robo tatu ya viini vinne ni viini vitatu. Nikahesabu mashine za DOS: moja, mbili, tatu. Nikaangalia orodha ya kwenye seva. Kila moja ilikuwa inakula kiini kizima, asilimia 100, na kwenye skrini zake zote tatu hakukuwa na kinachoendelea ila menyu ile ya buluu. Chagua 1 hadi 6.

Mashine tatu zilikuwa zinasubiri mtu abonyeze kitufe, na kusubiri huko ndiko kulikomaliza prosesa.

* * *

Ili kuelewa kwa nini kusubiri kunaweza kula kuliko kazi, inabidi turudi kwenye kompyuta ya mwenye nyumba mmoja.

IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, ilikuwa mashine ya mtu mmoja, mezani pake, yenye programu moja kwa wakati. MS-DOS ilikuwa mfumo mwepesi. Programu ikianza, nyumba yote ni yake. Basi programu ilipotaka kujua kama umebonyeza kitufe, iliuliza. Kuna kitufe? Hapana. Kuna kitufe? Hapana. Maelfu ya mara kila sekunde, mpaka kidole chako kiguse kibodi. Lugha kama Clipper zilizoea kufanya hivyo, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakukuwa na wa kulalamika. Prosesa isingekuwa na kazi nyingine. Kupiga kelele kwenye nyumba unayokaa peke yako si kosa.

Njia ya kutulia ilikuwepo. Prosesa ya Intel 8086, ya mwaka 1978, ilikuwa na agizo la HLT: simama hapo, usifanye lolote, mpaka uitwe. Saa ya ndani ya PC hugonga takriban mara 18 kwa sekunde, na kibodi nayo hugonga mlango kitufe kikibonyezwa, kwa hiyo prosesa iliyolala ingeamshwa kwa wakati. Lakini DOS haikuwa na desturi ya kulitumia agizo hilo. Kwa nini ijisumbue?

Matatizo yalianza wapangaji walipoletwa. Prosesa ya 386, ya mwaka 1985, ilikuja na uwezo wa kuigiza 8086 kadhaa ndani yake, na Windows ikautumia kuendesha programu nyingi za DOS kwa pamoja. Hapo hapo ikajulikana kwamba programu za DOS ni majirani wabaya. Microsoft iliweka njia ya programu kuiambia Windows kwamba haina la kufanya, mpe mwingine zamu yangu. Kwenye Windows 3.1 kulikuwa na kisanduku cha kuteua ili Windows yenyewe ijaribu kutambua programu inayosubiri tu. Kwa hivyo ugonjwa nilioukuta Mji wa Kale ulikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, na dawa yake pia.

Lakini kwa nini uliendelea mpaka leo? Kwa sababu prosesa hizi za Intel zilichelewa kukubali wapangaji wa kweli. Zilikuwa na maagizo kadhaa yaliyovunja masharti ya Popek na Goldberg: programu ya ndani ingeweza kugundua au kuvuruga mambo bila haipavaiza kupata habari. Ndipo mwaka 1998 kikundi cha watu watano, wakiwemo Diane Greene na Mendel Rosenblum, wakaanzisha VMware, na mwaka 1999 wakauza programu iliyofanya lililoonekana haliwezekani. Walikuwa wanayatafsiri yale maagizo mabaya papo hapo kabla hayajafika kwenye prosesa. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kikatoa Xen. Mwaka 2005 Intel yenyewe ikaanza kuuza prosesa zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, AMD ikafuata, na mwaka 2007 Linux ikapata haipavaiza yake, KVM.

Baada ya hapo kila kitu kiliingia kwenye nyumba za vyumba. Pamoja na programu mpya zilizojua adabu za kukaa na watu, zikahamishwa za zamani ambazo hazijawahi kuambiwa kwamba kuna jirani. Na haipavaiza, kwa ule uaminifu wake, haimhukumu mpangaji. Ukisema una kazi, inaamini. Haijui kwamba kazi yako ni kuuliza kuna kitufe.

* * *

Mzee alikuwa amesinzia kitini. Nilimwamsha, nikamwonyesha ule mstari ulionyooka.

"Ami, daftari la ndugu yako ndilo linalomaliza nguvu."

Akanyamaza. Nikaona uso wake umebadilika, nikajua amesikia kitu nisichokisema: kwamba kampuni ilikuwa kweli, lazima lihamishwe.

"Halina kosa," nikasema haraka. "Halijui tu kwamba haliko peke yake."

Dawa ilikuwa ndogo kuliko ninavyoona haya kusema. Kuna mradi wa FreeDOS, ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, mwaka ule ule ambao yule ndugu aliandika programu yake. Wanaendelea kuitunza DOS huru, na miongoni mwa vitu vyao kuna programu ndogo iitwayo FDAPM. Kazi yake ni kukaa kati ya programu na kibodi. Programu ikiuliza kuna kitufe mara nyingi bila kupata jibu, FDAPM hutekeleza lile agizo la HLT kwa niaba yake. Mashine pepe inalala, haipavaiza inaona mpangaji amezima taa, na kiini kinapewa mwingine. Kitufe kikibonyezwa, inaamka. Mtu aliye kwenye kibodi hahisi tofauti.

Nilinakili diski zote tatu kwanza, kwa sababu daftari lile halina mwandishi wa kulirekebisha. Kisha nikaongeza mstari mmoja kwenye faili la AUTOEXEC.BAT la mashine ya stoo, nikaiwasha upya. Mstari ukashuka kutoka robo tatu hadi nusu. Ya karani: robo. Ya mzee: ukalala chini kabisa, ukiruka kidogo hapa na pale. Nikarudisha mashine ya mauzo kwenye prosesa zake mbili. Nikaingia ndani yake, nikaitazama ile st. Sifuri.

Ilikuwa saa tano na nusu usiku. Siku ya nne niliitumia kukaa tu dukani kuangalia foleni.

* * *

Kuna sababu nyingine ya kuandika haya, na iko umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka ofisi ya mzee. Juni 2009, Rais Mwai Kibaki alikuja Fort Jesus kuupokea waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata SEACOM nayo ikaanza kazi. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda kwa setilaiti, ghali na pole pole. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 wakitaka kushika njia ya biashara ya bahari hii. Zaidi ya miaka 400 baadaye njia mpya ya biashara ikasherehekewa pale pale.

Waya ule ndio uliotufanya sote wapangaji. Tovuti ninazotengeneza haziko Mombasa. Ziko kwenye mashine pepe za kukodi, labda Frankfurt, labda Cape Town, ambako Amazon ilifungua kituo chake mwaka 2020. Amazon walianza kukodisha mashine pepe kwa saa mwaka 2006, na leo kijana wa Majengo anaweza kupata seva kwa bei ya chakula cha mchana. Ni jambo kubwa. Lakini ni nyumba bila ardhi, tena ardhi iliyo ng'ambo ya bahari. Februari 2012 meli ilitia nanga palipokatazwa nje ya bandari yetu, ikaukata waya wa TEAMS, na intaneti ya eneo zima ikaanza kukokota.

Na kwenye nyumba hizo za mbali huwezi kukaa mpaka usiku ukitazama mchoro wa seva yenyewe. Huoni jirani. Unachopewa ni chumba chako na ile st. Kwa hiyo ukiambiwa prosesa imejaa, usikimbilie kulipia kubwa zaidi kama mimi nilivyokimbilia kuongeza mbili ziwe nne. Angalia kwanza kama kazi ni yako au umeibiwa muda. Kama ni yako, angalia kama inapanda na kushuka au imenyooka. Kama imenyooka, kuna kitu ndani kinazunguka bila kufika popote, na huenda kiliandikwa zamani na mtu mwenye akili sana kwa ajili ya nyumba ambayo haipo tena. Na kama umeibiwa, hama chumba au zungumza na mwenye nyumba. Kufagia hakutasaidia.

Chuoni sijarudi. Kile kitabu cha mifumo endeshi nimekitafuta, nakisoma mwenyewe uani, jioni, wakati wa chumba cha nne hajachomeka hita.

Mzee alinilipa, akaongeza doti moja ya leso nimpelekee mamangu. Siku hizi nikipita Mji wa Kale huingia kuangalia mchoro. Mara ya mwisho alikuja kusimama nyuma yangu, akautazama ule mstari uliolala chini.

"Sasa daftari halifanyi kazi?" akauliza.

"Lafanya, Ami. Lasubiri tu."

Akabonyeza 3 kwenye kibodi. Orodha ya madeni ikafunguka papo hapo, na ile safu ya S ikiwa mahali pake.